Mstari Uliomeza Miaka

Msumeno ulipomaliza kupasua bomba la sampuli, mafundi wawili waliyatenganisha mapande yake taratibu na kuyalaza mezani. Ndani mlikuwa na mita moja ya ardhi iliyotolewa chini ya uwanda wa pwani, ingali na unyevu wake. Nusu ya juu ilikuwa tope la kijivu lililokolea, laini kiasi kwamba kidole kilizama bila kulazimishwa, likiwa na nyuzi za mizizi ya mikoko na vipande vya maganda ya chaza. Nusu ya chini ilikuwa udongo wa kahawia wenye madoa ya kutu. Ukucha uligonga, haukuingia.

Kati yake palikuwa na mstari.

Upana wake haukufika hata upana wa ukucha huo. Juu yake kijivu kitupu, chini yake kahawia tupu, na hakuna mahali rangi hizo mbili zilipochanganyikana.

"Fundi, hapa katikati pana nini?" nikauliza.

"Hapo, ndugu yangu, tope linaisha, ardhi inaanza," akajibu mkubwa wao bila kuinua macho. "Wala huna haja ya kuangalia. Mtambo wa kuchimba wenyewe hubadilisha mlio."

Kwake jibu lilitosha. Mwenye kujenga anataka kujua nguzo zishuke mpaka wapi, na nguzo hushuka mpaka pale mtambo unapobadilisha mlio. Mimi niliondoka na swali ambalo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Tope lina umri wake, na udongo ule wa chini una umri wake.

Je, mstari una miaka mingapi?

## Tope linalonuka

Nilianza na tope kwa sababu lilijitambulisha lenyewe. Linanuka kama yai viza. Harufu hiyo ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni, na wanaoitengeneza ni bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni. Tope la wangwa, yaani uwanda unaofunikwa na maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa, lina chembe ndogo mno zilizobanana, na hewa haipenyi zaidi ya sentimita chache. Bakteria waliomo wakikosa oksijeni hugeukia salfeti ya maji ya bahari, huitumia kuozesha majani na mizizi, na gesi hiyo ndiyo masazo ya kazi yao. Sehemu yake huungana na chuma kilichomo kwenye tope, ikawa madini ya pairiti, chembe ambazo macho hayazioni. Ule ukijivu wa kukolea hutokana na chuma na salfa kuungana gizani.

Tope hilo ni pole likiwa limelala majini. Likaushe, uone ukali wake. Oksijeni ikiingia, pairiti huvunjika na kutoa asidi ya salfuriki, madoa ya manjano hujitokeza kwenye nyufa, na pH, kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi, huweza kufika chini ya 4. Mashamba yaliyofunguliwa kwa kukausha maeneo ya mikoko yameharibika kwa njia hiyo huko Vietnam, Indonesia, Gambia na Australia. Mkulima huona mazao yanadumaa, samaki wanakufa mferejini, na hakuna aliyemwaga kitu. Sumu ilikuwa imehifadhiwa pale kwa maelfu ya miaka, ikisubiri hewa tu.

Na lilifikaje pale? Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.004. Katika maji ya mto chembe hizo husukumana, kwa kuwa nyuso zake zina chaji za umeme zinazofanana, hivyo huelea siku nyingi. Zikikutana na chumvi, ule msukumano hufifia, chembe hushikana, huwa mafungu mazito, huzama. Ndiyo maana mto unaotiririka ukiwa mwekundu kwa mamia ya kilometa humwaga sehemu kubwa ya mzigo wake pale pale unapoonja bahari.

Jambo la ajabu ni kwamba tope likishatua, kulitoa ni kazi. Filip Hjulström, mwanasayansi wa Sweden, alichora mwaka 1935 mchoro wa kasi za maji na ukubwa wa chembe, na mchoro huo bado unanishangaza kila niutazamapo. Mtu angedhani kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyong'olewa kirahisi. Sivyo. Kinachong'oka kirahisi kuliko vyote ni mchanga wa kawaida. Mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mara mia na zaidi, hung'ang'ania kwa sababu chembe zake zimeshikana. Mkondo unaoweza kuhamisha ufuo mzima wa mchanga unaweza kupita juu ya tope la zamani usilifanye kitu.

Basi tope lilikuwa linasomeka. Mikoko, maji kupwa na kujaa, chaza, utulivu. Kilichobaki kigumu kilikuwa chini yake.

## Udongo uliokaa juani

Udongo wa kahawia haukuwa na ganda hata moja. Ulikuwa na vijia vyembamba vya mizizi, vingine vikiwa na utando wa kutu, na madoa ya kijivu na machungwa yaliyopishana kama inavyokuwa pale maji ya ardhini yanapopanda na kushuka msimu hadi msimu. Huo ni udongo wa nchi kavu. Mvua imeunyea, jua limeupiga, nyasi na miti imeota juu yake.

Lakini ukichukua kipande chake ukakiponda kwa maji, unapata mfinyanzi uleule laini, wa kutua kwenye maji yaliyotulia. Kwa maneno mengine, huo nao uliwahi kuwa tope.

Hapa ndipo bahari yenyewe inapoingia kwenye hadithi. Yapata miaka 125,000 iliyopita, kabla ya enzi ya mwisho ya barafu, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kama 6 hadi 9. Matumbawe ya wakati huo yamebaki yakining'inia juu ya mawimbi kwenye pwani nyingi za tropiki. Kisha maji yakaanza kuondoka. Hayakupotelea angani, yaligandishwa juu ya Kanada, Skandinavia na kwingineko, yakawa barafu yenye unene wa kilometa. Yapata miaka 20,000 iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa mita 120 hivi.

Mita 120 kwenda chini ni umbali gani kwenda mbele? Kwenye uwanda unaoteremka mita moja kwa kila kilometa, ufuo unahama kilometa 120. Pale wavuvi wa leo wanapotupa nyavu palikuwa na malisho. Wavuvi wa Bahari ya Kaskazini wamekuwa wakivua mifupa ya mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya, kwa vizazi kadhaa, na hawashangai tena.

Mito nayo ilifuata bahari. Ilipolazimika kushuka chini zaidi ilichimba mabonde ndani ya uwanda wake wenyewe, ikakata yale matope na mchanga iliyoyatua zamani. Baina ya mabonde hayo yalibaki maeneo ya juu, makavu, na hapo tope la zamani likaachwa na bahari kwa makumi ya maelfu ya miaka. Maji yakatoka. Mfinyanzi ukasinyaa, ukapasuka, ukasinyaa tena. Maganda ya chaza yakayeyushwa na mvua. Chuma kikakutana na hewa kikawa kutu. Mfinyanzi uliokaushwa namna hiyo haurudii ulaini wake hata ukizamishwa upya: mtambo unaobadilisha mlio leo unabadilisha kwa sababu ya viangazi vya enzi ya barafu.

Bahari iliporudi haikurudi polepole. Yapata miaka 14,500 iliyopita kuna kipindi ilipanda zaidi ya mita 10 ndani ya miaka isiyozidi 500. Kasi hiyo ilipungua sana kufikia miaka kama 7,000 iliyopita, na hapo mito ikapata nafasi ya kupumua. Daniel Stanley na Andrew Warne walionyesha mwaka 1994 kwamba delta kubwa za dunia, kuanzia Nile hadi Mississippi, zilianza kujengwa karibu wakati mmoja, kati ya miaka 8,500 na 6,500 iliyopita. Hazikuambizana. Zilikuwa zinasubiri bahari ileile ipunguze mwendo.

Kwa hesabu hiyo tope la juu halizidi miaka elfu chache, udongo wa chini unaweza kuzidi 100,000, na mstari ni tofauti ya hizo mbili.

Jibu hilo lilikuwa safi mno kwangu kuliamini.

## Mkondo uliohama

Kilichonitia shaka ni Johannes Walther. Mwaka 1894 mwanajiolojia huyo wa Ujerumani alitoa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotua, hufundishwa mapema: mazingira yanayokaa ubavuni kwa ubavuni juu ya ardhi ndiyo yanayokuja kulaliana wima ndani ya ardhi. Ufuo uko kando ya ziwa la pwani lenye maji tulivu, ziwa hilo liko kando ya mikoko, mikoko iko kando ya nyika. Bahari ikipanda, mkanda wote huo huhama kuelekea bara, na ukichimba mahali pamoja utakuta nyika chini, mikoko juu yake, kisha tope la ziwa la pwani, kisha mchanga wa ufuo. Unachokisoma wima ni matembezi ya mlalo.

Kanuni hiyo ina sharti lake, na sharti ndilo lililonikamata. Inafanya kazi pale tu ambapo hakuna kilichokatika. Ukikuta mazingira mawili yasiyo majirani yamelaliana, ujue kuna ukurasa umechanika.

Sawa, ukurasa umechanika. Lakini nani kauchana?

Kwenye wangwa kuna mifereji ambayo maji hupita wakati wa kupwa na kujaa. Mifereji hiyo haitulii. Huhama upande mmoja, hukata ukingo, hula tope la zamani, halafu hujaza tope jipya nyuma yake. Mfereji wa aina hiyo unaweza kuacha mstari mkali, ulionyooka, wenye kijivu juu na kitu kingine chini, ndani ya miaka michache tu, wakati mwingine ndani ya dhoruba moja. Ukiutazama kwenye bomba lenye upana wa kiganja, huwezi kuutofautisha kwa haraka na mstari wa miaka laki moja.

Wiki ile nilitembea na wazo hilo likinisumbua kweli. Mistari miwili inayofanana, mmoja umebeba kipindi ambacho mwanadamu alienea dunia nzima, mwingine umebeba msimu mmoja wa mvua.

Nikarudi kwenye picha nilizopiga.

Mfereji unapokata tope huacha ushahidi: vidonge vya tope lililomeguka, maganda yaliyovunjika na kulundikana chini. Hapakuwa na lundo la namna hiyo. Badala yake palikuwa na tundu. Lilianzia kwenye mstari, likashuka ndani ya udongo wa kahawia likiwa na upana wa kidole, likapinda kidogo, likaishia. Ndani yake lilijaa tope la kijivu. Kuta zake zilikuwa kali, hazikubonyea wala kuporomoka, na upande mmoja kulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyolala sambamba.

Hilo ni tundu la kaa, au la mnyama wa jamaa yake.

Mnyama anayechimba kwenye tope laini hulazimika kuzipaka kuta ute au kuzijenga, la sivyo tundu linajifunga. Huyu hakufanya hivyo. Alichimba mahali pagumu kiasi cha kuacha alama za kucha zake, na tundu likabaki wazi mpaka bahari ikalijaza. Maana yake ni kwamba udongo wa kahawia ulikuwa umeshakauka na kushupaa kabla maji ya chumvi hayajafika. Kaa yule alisimama juu ya mstari wakati mstari ulikuwa bado ni uso wa dunia.

Shaka ya mfereji ikaishia hapo. Kaa anaeleza nini kilitangulia nini, ingawa urefu wa muda si kazi yake. Kwa hilo kuna kaboni-14, aina ya kaboni iliyomo katika mabaki ya viumbe, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 na huishiwa nguvu kwenye miaka kama 50,000. Inafaa kwa ganda la chaza, haifai kwa udongo wa chini. Kwa udongo wa chini kuna njia ambayo mimi naiona ndiyo ya kupendeza kuliko zote, iliyoanzishwa na David Huntley na wenzake mwaka 1985: chembe ya kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, iliyofukiwa hujikusanyia nishati kutoka mionzi ya asili ya ardhi, na ukiimulika maabara hutoa mwanga hafifu unaoonyesha tangu lini haijaona jua. Chembe hutolewa gizani, kwenye bomba lisilopenya mwanga. Bomba letu lilikuwa limeshapasuliwa mchana kweupe.

## Unene na muda

Kuna hesabu moja inayofaa kufanywa na kila anayependa kusema "sentimita kadhaa kwa mwaka".

Chukua wangwa unaopokea milimita 2 za tope kwa mwaka. Ni kiasi cha kawaida. Kwa miaka 100,000 utapata mita 200. Sasa chimba kwenye nyanda nyingi za pwani utafute mita 200 za tope za kipindi hicho. Utakuta makumi ya mita, pengine pungufu.

Peter Sadler alilichukua tatizo hilo mwaka 1981 akakusanya vipimo karibu 25,000 vya kasi ya kujikusanya kwa mashapo. Alichokiona ni kwamba kasi hutegemea umepima kwa muda gani. Pima kwa saa moja, kasi ni ya kutisha. Pima kwa mwaka, imepungua. Pima kwa miaka milioni, imekuwa ndogo kabisa. Vipimo havikuwa vibovu. Kadiri unavyorefusha muda ndivyo unavyojumlisha vipindi ambavyo hakuna kilichotua, na vipindi ambavyo kilichotua kiliondolewa.

Hilo lilinibadilishia namna ya kutazama kila ukuta wa shimo. Nilikuwa nikiona matabaka, na baina yake mistari. Sasa naona mistari ndiyo yenye muda, na matabaka ndiyo matukio mafupi mafupi yaliyobahatika kubaki.

Mfano mzuri uko kisiwani Phra Thong, Thailand. Ni uwanda wa matuta ya ufuo yaliyopangana, na kati ya matuta kuna vibonde vyenye majimaji. Tsunami ya Desemba 2004 ilitandaza mchanga mweupe humo. Watafiti walipochimba, wakakuta chini ya udongo mweusi uliojaa mabaki ya mimea mchanga mwingine wa aina ileile, na chini yake mwingine tena. Matokeo yao yalitoka mwaka 2008: tsunami kubwa iliyotangulia ile ya 2004 ilifika pale yapata miaka 550 hadi 700 iliyopita. Mchanga wa sentimita kadhaa ulishuka kwa muda usiozidi nusu siku. Udongo mweusi uliofuata ulichukua karne. Anayepima muda kwa rula pale amepotea.

## Pengo nalo hufanya kazi

Mnara wa Pisa, ule ulioinama huko Italia, umesimama juu ya uwanda wa pwani wa mto Arno. Juu kuna mchanga na tope la mto, chini yake kuna mfinyanzi laini uliotua baharini. Ujenzi ulianza mwaka 1173, ukasimama yapata 1178 walipofika ghorofa za chini, ukaendelea 1272. Wahandisi wa siku zetu wamepiga hesabu wakakubaliana kwamba kama mafundi wale wangeendelea moja kwa moja, mnara ungeanguka. Kwa karibu miaka mia ambayo hakuna jiwe lililoongezwa, uzito uliokuwapo ulikuwa ukikamua maji kutoka kwenye mfinyanzi na kuupa nguvu. Mapumziko hayo hayaonekani ukutani, lakini ndiyo yaliyoubeba mnara hadi leo. (Walioupunguzia mwinamo kwa takriban nusu digrii, kazi iliyokamilika mwaka 2001, hawakuongeza kitu chochote chini yake. Walitoa udongo upande wa kaskazini, kidogo kidogo.)

Mfano huo nauleta kwa sababu watu huona pengo kuwa ni mahali ambapo hakukutokea chochote. Mfinyanzi wa Pisa unawabishia. Lakini kwa pengo lililofanya kazi nzito kuliko zote ninazozijua, lazima twende Bengali.

## Visima viwili, ua mmoja

Delta ya Ganges na Brahmaputra ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Kuanzia miaka ya 1970 familia vijijini Bangladesh zilihimizwa kuacha maji ya madimbwi, yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara, na kuchimba visima vya bomba vya kina kifupi. Vilichimbwa kwa mamilioni. Mwaka 1983 madaktari upande wa India, huko West Bengal, walikuwa wameshaanza kuona vidonda na madoa ya ngozi vinavyotokana na arseniki. Mwaka 1993 sumu hiyo ikathibitishwa visimani Bangladesh. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakinywa zaidi ya hapo, wengi wao zaidi sana.

Hakuna kiwanda kilichohusika. Arseniki ilishuka na mito kutoka milimani, ikiwa imejishika kwenye utando wa kutu unaofunika chembe za mchanga. Mchanga huo uliotua katika miaka elfu chache iliyopita ulifukiwa pamoja na mabaki ya mimea. Bakteria, ndugu wa wale wa tope letu linalonuka, walimaliza oksijeni, kisha wakageukia kutu yenyewe. Kutu ilipoyeyuka, arseniki ikakosa pa kujishikia, ikaingia majini. Mchanga uliovuliwa kutu hubaki wa kijivu.

Chini yake, mahali pengi, kuna mchanga wa rangi ya machungwa au kahawia. Huo ulikuwapo bahari iliposhuka. Miaka 20,000 iliyopita maji ya ardhini yalikuwa chini sana, mvua ikipenya na kuusuuza, hewa ikiingia, mabaki ya mimea yakiisha. Kutu ikabaki kwenye chembe, na kutu inayobaki huishika arseniki isitoke. Juu ya mchanga huo, kwenye maeneo yaliyokuwa vilimani baina ya mabonde ya mito, kulikaa udongo wa mfinyanzi wa nchi kavu, mgumu, wa kahawia, kama ule uliolaliwa na tope letu. Udongo huo hufanya kazi ya kifuniko: huzuia maji yenye mabaki ya mimea kushuka kutoka juu.

Lakini kwenye mabonde yenyewe mto ulishakikata kifuniko, na bahari iliporudi bonde likajazwa mchanga wa kijivu kutoka chini hadi juu.

Fikiria sasa nyua mbili zilizopakana. Moja iko juu ya kilima cha kale ambacho leo hakionekani kabisa, maana uwanda umesawazishwa. Nyingine iko juu ya bonde. Visima vyao vina kina kilekile, vimechimbwa na fundi yuleyule wiki ileile. Kimoja ni salama, kingine ni sumu ya taratibu. Kinachovitofautisha ni kama mstari umebaki au umekatwa.

Wachimbaji wa kule hufanya kazi kwa mikono. Bomba hupandishwa na kushushwa kwa wenzo wa mianzi, na mmoja huketi juu akiziba na kuzibua mdomo wa bomba kwa kiganja kila linapopanda na kushuka, ili maji yalete mchanga juu. Mchanga unamiminika kwenye mkono wake. Huyo ndiye wa kwanza kuona rangi ikibadilika, na watafiti waliofanya kazi naye wamethibitisha kwamba rangi hiyo ni mwongozo mzuri: kijivu, shaka, kahawia, afadhali. Si hakikisho. Maji ya mchanga wa kahawia yana tabia ya kuwa na madini ya manganizi kwa wingi, na pampu kubwa zikivuta kupita kiasi huweza kuteremsha maji mabaya mahali ambapo kifuniko hakipo. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kati ya macho ya mtu yule na ramani ya uso wa ardhi, nachukua macho yake.

Nilipofika hapo ndipo swali langu la mwanzo lilipogeuka. Nilitaka kujua mstari una miaka mingapi, na nadhani bado ni swali halali. Ila kwa anayechota maji kisimani, urefu wa muda haumsaidii kitu. Kwake swali ni hili: katika muda huo wote ambao hakuna kilichotua, ardhi ilifanywa nini?

## Mistari ya sasa

Kuna mistari inayochorwa sasa hivi. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, karibu tope lote la Nile hutua Ziwa Nasser, na pwani ya delta, hasa kwenye mlango wa Rashid, imekuwa ikiliwa na mawimbi. Louisiana, jimbo la Marekani ambako Mississippi imebanwa na kingo na mabwawa, ilipoteza takriban kilometa za mraba 4,800 za ardhi kati ya 1932 na 2016. Delta huzama kwa uzito wake siku zote. Zamani mto ulikuwa ukiongeza tope juu kufidia. Bahari nayo, kwa vipimo vya setilaiti tangu 1993, inapanda kwa milimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Uso wa ardhi usiopokea kitu, kisha ukazamishwa, ndicho hasa nilichokiona kikiwa kimelazwa mbele yangu, isipokuwa huu utakuwa na plastiki.

Sipendi kuishia kwenye utabiri, kwa hiyo niseme la kazi.

Rejista za uchimbaji nilizosoma zina safu za kina, rangi, ugumu na unyevu. Tabaka hili kuanzia mita 0 hadi 9, lile kuanzia 9 hadi 15. Mpaka wenyewe hupewa namba tu. Ningependa kuona safu moja zaidi, ya maneno machache: mpaka ni mkali au ni wa hatua kwa hatua, kuna mizizi chini yake, kuna matundu, na yamejazwa na nini, kuna vidonge vya tope au maganda yaliyolundikana juu yake. Mhandisi ataelewa kwa nini nguzo moja ilishuka zaidi ya jirani yake. Mtu wa maji ataanza kuona wapi kifuniko kipo na wapi kimekatwa, kwa kuunganisha rejista za visima ambavyo vimeshachimbwa na kulipiwa tayari.

Na iandikwe siku hiyohiyo, sampuli ikiwa mbichi, pamoja na picha yenye kipimo cha rangi pembeni. Tope la kijivu likiachwa hewani kwa siku chache huanza kushika kutu, na likishashika, mtu aliyekuja baadaye hataweza kujua mstari ulipita wapi.